Nguzo Alizoacha Baba

Uvumilivu wangu ulikatikia katika ofisi ya directeur wa shule, Ijumaa saa sita mchana, Merveille amesimama kando yangu na chembe za changarawe alikopigishwa magoti bado zimemganda.

Nilikuwa nimekuja kwa adabu. Nilifunga kitenge kizuri, nilisalimia, nilikaa pale nilipoambiwa nikae. Maître Ilunga, mwalimu wake wa mwaka wa tatu, alinieleza polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba mtoto wangu amepinga Neno la Mungu mbele ya wenzake. Yeye aliwafundisha kwamba dunia ni bapa. Merveille akanyoosha kidole akasema hapana, ni ya mviringo. Tena akauliza swali la dharau.

"Swali gani?" nikauliza.

"Ambia mama yako," maître akasema.

Merveille akatazama viatu vyake. "Niliuliza kama dunia iko sawa meza, sasa meza yenyewe iko juu ya nini."

Directeur akakohoa. Alikuwa anameza kicheko, nilimwona. Nyuma ya kichwa chake, juu ya kabati, kulikuwa na globe ya shule, imejaa vumbi, Afrika imegeukia ukuta. Mtu anakaa chini ya globe miaka yote hiyo, halafu anamwacha mwalimu wake awaambie watoto kwamba dunia ni meza. Nilimkasirikia yeye kuliko maître. Maître angalau aliamini.

"Maman, haiko mambo ya kukasirikia," maître akasema. "Mi niliwaonesha vidéo mu téléphone, byote biko wazi. Bible inasema dunia iko na pembe ine, iko na nguzo, haitikisike. Mutoto atasimama kazi moja asubui mbele ya drapeau, batoto bote banasikia, atasema: 'Nilisema bongo, na ule alinifundisha alisema bongo.' Mara moja tu. Kisha biishe."

Kazi moja ndiyo Jumatatu yetu. Bongo ni uongo. Drapeau ni bendera.

"Na ule alikufundisha ni nani?" directeur akamwuliza mtoto, kwa sauti ya kubembeleza.

"Nkambo," Merveille akasema.

Nkambo ni babu. Ni baba yangu. Tulimzika msimu wa mvua uliopita.

Nilipiga meza kofi mpaka kalamu ya directeur ikaruka chini. Nikasema: "Huyu hatasema maneno hayo. Niliyasema mimi nikiwa mdogo kama yeye. Kwa familia moja yanatosha." Wakanitazama kama mwehu, maana hawakujua nasema nini. Nikamshika mtoto mkono tukatoka.

Nyumbani nilipasha mafuta ya mawese kidogo katika kifuniko cha sufuria, nikaanza kumpaka magotini. Na ile harufu, nzito, ya rangi nyekundu kama harufu inaweza kuwa na rangi, ikanikalisha chini. Nilikuwa kwenye sakafu ileile, mtaa wa Makomeno, nyumba ileile aliyoiacha babu mzaa mama, mtu wa reli. Magoti tu ndiyo yalikuwa mengine. Mnaolingana nami kwa umri mnaijua dawa hiyo. Na mnajua ilitibu nini.

Baba yangu alikuwa mchimbaji wa chini, katika mgodi wa upande wa mpaka. Gari la kazi lilimchukua kabla sisi hatujaamka na kumrudisha alasiri, kwa hiyo kwetu chakula kikubwa kilikuwa saa kumi, jua likiingia mlangoni. Aliketi kwenye kizingiti, akavua buti, na miguu yake ilikuwa myeupe imekunjamana kama ya mtu aliyelala ndani ya maji. Alinukia jiwe lililoloa. Hata akioga kwa sabuni mara mbili, ukimkaribia shingoni jiwe lilikuwapo. Mimi niliipenda harufu hiyo, na mama aliichukia, alisema ni harufu ya kaburi.

Hakuwa msemaji. Lakini kuhusu kazi yake alisema kidogo kidogo, huku akinawa, na mimi nilikuwa nakusanya. Alisema kule chini wanakata madini, wanaacha vyumba vikubwa kuliko kanisa, na kati ya chumba na chumba wanaacha nguzo. Mwamba mzima, mnene kama nyumba.

"Ile haigusiwake," alikuwa akisema. "Hata uone shaba inangaa ndani yake sawa meno ya zahabu, unapita. Ukigusa nguzo, juu inakuja chini."

"Juu gani, papa?"

"Juu yote."

Sasa weka hayo kando, njoo Jumapili. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na darasa la watoto lilikuwa nyuma, kwenye uwanja wa changarawe. Monitrice, mwalimu wetu wa Jumapili, aliitwa Mama Véro. Alikuwa na sauti nzuri na upendo mwingi, na alichokisoma alikisoma kama tangazo la serikali. Kama imeandikwa dunia ina pembe nne, alichora pembe nne kwa chaki na malaika mmoja kila pembe. Kama imeandikwa nguzo za dunia ni za Bwana, na juu yake ameuweka ulimwengu, alichora nguzo chini ya ule mraba, nene, ndefu, zikishuka mpaka ubao ukaisha.

Nilizitazama nguzo zile nikahisi moyo unaruka. Nilizijua! Baba yangu alikuwa akienda pale kila siku kwa gari la kazi.

Msinicheke. Mtoto wa mwalimu au wa muuza unga asingekosea hivyo, ila mtoto wa mgodini angefanya nini? Mama Véro alisema ziko chini, baba naye alisema ziko chini. Ni nene, zinabeba kila kitu, hairuhusiwi kuzigusa. Yote yalilingana. Nilianza kuishi na jambo hilo. Wakati ule treni zilipita nyuma ya mtaa wetu karibu kila siku, si kama sasa zinapokuja zikitaka tu, na zikipita vikombe vya mama vilitetemeka kabatini. Mimi nilidhani ni mtu kule chini amegusa nguzo. Nilikuwa natupa vitu vya mikononi, napiga goti, naweka viganja viwili sakafuni na kusukuma kwa nguvu zangu zote, ili niwasaidie. Vikombe vilinyamaza. Nilikuwa naokoa Lubumbashi mara moja kwa siku na hakuna aliyenishukuru.

Siri kama ile haikai kifuani kwa mtoto. Jumapili moja nikanyoosha kidole: "Mama Véro, papa yangu anatumikaka kazi kule ku nguzo za Mungu. Anazionaka na macho."

Watoto walilipuka kwa kicheko.

"Amupelekee Mungu barua yangu!"

"Amuulize kama mutihani ya hesabu itakuwa nguvu!"

"Sasa juu ya nini hamulete nguzo moja, mutengeneze paillote ya nyasi?"

Lakini Mama Véro hakucheka. Alinishika mabega, macho yake yakajaa machozi. "Mutoto, unasema kweli? Papa anazionaka?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli. Ndilo jambo linalonichosha mpaka leo: sikudanganya hata neno moja.

Kabla ya juma kuisha, pasteur alikuwa amekuja nyumbani kumwomba mama kwamba baba atoe ushuhuda. Mama aliona fahari. Baba alikuwa mtu wa benchi la nyuma, wa kutoka kabla ya matangazo, na sasa anaitwa mbele! Mama alimpigia pasi shati jeupe, akamwambia tu kwamba wanataka aongee juu ya kazi yake. Baba alidhani wataombea wachimbaji. Akakubali.

Nakumbuka alivyosimama pale, mikono haijui ikae wapi.

"Papa," pasteur akasema, "mbele ya kanisa. Huko chini ya dunia, umeziona nguzo?"

"Nimeziona."

"Amen!" Kanisa likaitika, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama juu ya benchi ili watoto wanione.

"Na nani aliziweka?"

Baba akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. "Ni miye na benzangu ba équipe."

Kuna aliyecheka, kisha akanyamazishwa. Pasteur akatabasamu kwa shida. "Papa anataka kusema, aliziweka Mungu."

"Mungu aliweka jiwe. Nguzo, ni siye tunaziachaka, ili tusikufe."

"Lakini imeandikwa, papa. Nguzo za dunia. Imeandikwa na dunia haitatikisika."

Angeweza kusema amen na kurudi benchi lake. Nimeiwaza mara nyingi hiyo amen. Ilikuwa neno moja, na sisi sote tungeenda nyumbani kula. Badala yake baba, ambaye alikuwa akisoma Biblia yake kwenye kizingiti kila siku akingoja bukari, ugali wetu, iive, alisema hivi, bila hasira:

"Pasteur, imeandikwa tena Mungu ni mwamba wangu. Miye nakataka mwamba kila siku, natia dinamiti. Nakata Mungu? Na mu kitabu cha Yobu banasema dunia imetundikwa pasipo kitu. Sasa iko na nguzo, ao imetundikwa bule? Miye naona ule aliandika alikuwa anaimba. Muntu akiimba asema bibi yake ni nyota, haumuulize muchana anamufichaka wapi."

Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Huyo si anatutukana," na kanisa likaanza kunguruma. Baba akarudi kukaa. Mama alikuwa akiangalia mapaja yake. Tukarudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, baba nyuma, mimi katikati peke yangu, na hakuna aliyenieleza chochote.

Nilichoelewa mimi ni hiki: baba ameona nguzo za Mungu, na ameogopa kusema ni za Mungu. Au hajashuka chini vya kutosha. Au amejisifu kwamba amezijenga yeye. Vyovyote, amenitia haya.

Jumapili iliyofuata Mama Véro alinipigisha magoti kwenye changarawe, mbele ya darasa. Sidhani alifanya kwa ubaya. Alikuwa ametumwa, au alijiona ametumwa. "Wewe ulisema ni nguzo za Mungu. Papa yako akasema hapana. Kati yenu bawili kuko mwenye kusema bongo. Utasimama wakati utatuambia ni nani."

Mnayajua magoti ya mtoto kwenye changarawe. Kwanza ni aibu, kisha ni mawe, mwishowe ni mawe tu. Wenzangu waliimba nyimbo mbili. Kwenye ya tatu nikasema.

"Ni papa."

"Sema vizuri."

"Papa yangu alisema bongo."

Wakanipigia makofi. Mama Véro aliniinua, akanifuta magoti kwa kitenge chake mwenyewe, akanipa biskuti. Niliila yote. Sikumwachia mdogo wangu hata kipande.

Mama alinipaka mawese jioni ile, akauliza, nikamwambia. Kesho yake, saa kumi, alimwambia baba mbele yangu, huku akitenga bukari, kama anayesema chumvi imeisha: "Mutoto alisema mbele ya benzake asema ulisema bongo."

Nilingoja kofi. Baba alinawa. Akakata bukari, akaivingirisha kiganjani, muda mrefu kuliko kawaida, mpaka ikawa mviringo kabisa. Hakuichovya katika sombe ya majani ya muhogo. Aliinyanyua mlangoni, jua likaipiga upande mmoja.

"Angalia. Huku kweupe, ni muchana. Huku kweusi, batu banalalaka." Akaigeuza polepole. "Sasa siye tumeenda kulala, bale bengine bameamka. Njo vile tu. Hakuna nguzo. Hakuna muntu anashika."

"Weye unashika," nikasema.

Akaangalia vidole vyake, akacheka kidogo, bila sauti. "Kweli. Miye nashika." Kisha akauliza: "Balikupa nini?"

"Biskuti."

"Ilikuwa muzuri?"

"Ndiyo."

"Bon." Akachovya dunia katika sombe, akaila.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na hili la pili lilidumu. Hakukasirika, hakukataa, hakusema "sikudanganya". Kwa akili yangu, mtu asiyejitetea ana kosa. Nikaamua kumbe kweli alidanganya. Niliacha kumngoja kwenye kizingiti. Niliacha pia kusukuma sakafu treni ikipita, vikombe vikatetemeka bila mimi. Ukweli ulikuja kunijia tu katika shule ya sekondari, kwenye somo la jiografia, mwalimu akizungusha globe karibu na dirisha, nusu kweupe, nusu kweusi. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni nikakaa huko mpaka kengele.

Mngefikiri nilirudi nyumbani nikamwomba pardon. Sikumwomba. Nilikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo nikaitumia kwa mambo mengine. Kifua chake kilianza kumsumbua, vumbi la jiwe, akahamia chumba cha mbele. Habari zikaja kwamba watu wanaingia katika vyumba vya zamani vya mgodi na kukata zile nguzo zilizoachwa, kwa shaba iliyo ndani. Siku hiyo tu ndiyo nilimwona analia. "Banakula nguzo," alirudia. "Bale batoto banakula nguzo." Nikamletea maji. Pardon ilikuwa hapo mdomoni. Nikamwambia anywe dawa.

Na Merveille alipozaliwa akakua, baba alimkalisha kwenye kizingiti kilekile, saa kumi, akamvingirishia bukari. Niliwasikia nikiwa jikoni.

"Na nani anashika, nkambo?"

"Mama yako alishaniuliza ile," akamwambia. "Eko na akili sana, mama yako."

Miaka yote ile, hilo ndilo alilobaki nalo. Biskuti hakuitaja.

Ijumaa ile, mafuta yalipoisha kwenye kifuniko, Merveille akaniuliza: "Mama, nikisema tu na mudomo, si ndani ya roho, iko mubaya?" Mimi nilisema na mdomo. Roho ilifuata baadaye, ikakaa huko miaka.

"Hautasema," nikamwambia.

"Na bakinifukuza?"

"Hautasema."

Directeur alipiga simu Jumamosi. Alitaka tuyamalize kwa mdomo, kati yetu, bila karatasi. Nilimwambia karatasi ndiyo ninayoandika sasa hivi. Barua za namna hii kwetu huandikwa kwa Kifaransa, na nilianza hivyo, ukurasa mzima, mzuri, ukawa wa mtu mwingine. Nikauchana. Jumatatu asubuhi, kabla drapeau haijapandishwa, nilisimama mlangoni pake na nakala mbili mpaka akaipiga muhuri ile ya kwangu. Hii hapa.

*Kwa Bwana Directeur. Nakala kwa kamati ya wazazi na kwa ofisi ya elimu.*

*Jambo: Malalamiko.*

*Bwana Directeur,*

*Mimi mama ya Merveille, mwaka wa tatu, ninalalamika rasmi kwamba mtoto wangu alipigishwa magoti juu ya changarawe kwa sababu alisema dunia ni ya mviringo, na kwamba ameamriwa kusema mbele ya shule yote kwamba yeye na marehemu nkambo yake walisema uongo.*

*Sisi hatupingi Biblia. Nyumbani tunaisoma. Nkambo yake aliisoma kila siku, na alikuwa ameshuka chini ya dunia mara nyingi kuliko mtu yeyote katika shule yako. Nguzo alizoziona huko aliziacha yeye na wenzake, ili watu wasife. Zile za Biblia aliziacha katika wimbo, pale alipozikuta.*

*Ninaomba mtoto asiguswe tena. Ninaomba maître Ilunga afundishe kitabu cha programu ya masomo, si vidéo. Ninaomba globe iliyo juu ya kabati yako ishushwe, ipanguswe vumbi, iwekwe darasani.*

*Mtoto hatasimama mbele ya drapeau leo. Kama ni lazima mtu asimame, niite mimi. Niko nje kwenye geti. Nitasimama mahali pake, mbele ya watoto wote, na nitasema kwa sauti ya kusikika kile nilichopaswa kusema nikiwa mdogo kama wao: baba yangu hakusema uongo.*

*Mama Merveille*